Mcheza Kwao Hutunzwa

Wahenga waliosema ya kwamba mcheza kwao hutunzwa waliweka maana mbili katika neno moja. Kutunza ni kumpa mchezaji fedha au kumvika kanga mbele ya watu, ili ajue ya kuwa mchezo wake umependeza. Lakini kutunza ni pia kumwangalia mtu: kumlisha anapokuwa na njaa, kumuuguza anapokuwa mgonjwa, na kumsitiri anapokufa. Mahali pengi watu wameishika maana ya kwanza na kuisahau ya pili. Huko Lodwar na Kakuma, katika nchi ya Turkana, kaskazini magharibi ya Kenya, maana zote mbili zingali zinakwenda pamoja. Habari zake zafaa kujulikana na kila aliye mwanachama wa kikundi chochote, kiwe cha ngoma, cha wakulima wauzao mazao yao pamoja, au cha makarani wawekao akiba.

Ngoma kubwa ya Waturkana huitwa edonga. Mgeni aliyezoea ngoma za pwani hushangaa kuona ya kwamba hapana ngozi iliyowambwa wala zumari. Mdundo hutoka katika nyayo zinazokanyaga mchanga, katika makofi na katika sauti za watu. Mmoja huanzisha wimbo, wenzake humwitikia. Wanaume huruka juu wima. Wanawake, wenye shanga nyingi shingoni, husogea mbele na kurudi. Na duara huzidi kupanuka kadiri watu wanavyofika. Mwanamume huimba sifa za maksai wake ampendaye, akitaja rangi yake na namna pembe zake zilivyopindika, huku akiinua mikono juu ya kichwa kuzifuatisha pembe hizo. Wanaomtazama hujua mara moja ni maksai gani anayesifiwa, na ni wa nani.

Tangu zamani edonga ilikuwa ngoma ya majira ya mvua. Maziwa yakiwa mengi na malisho yakiwa karibu, familia zilizokuwa zimetawanyika hukutana. Kiangazi kikirudi hutawanyika tena, kila mwenye mifugo akiyafuata majani na maji. Mtu atazamaye mambo kwa juu juu atasema ya kwamba ngoma ni anasa ya wakati wa shibe. La, sivyo. Usiku wa ngoma ndio wakati watu wanapojuana, wachumba wanapoonana, na urafiki unapofungwa baina ya watu wasiokuwa wa ukoo mmoja. Ngoma huchezwa wakati wa mvua, lakini deni lake hulipwa wakati wa kiangazi.

Mtaalamu mmoja Mwingereza, P. H. Gulliver, aliyechunguza maisha ya Waturkana mwishoni mwa miaka ya 1940, alilieleza jambo hili katika kitabu chake The Family Herds, kilichochapishwa mwaka wa 1955. Alionyesha ya kwamba kila mwenye mifugo alikuwa na watu wake maalumu. Wengine walikuwa ndugu zake wa damu, wengine wakwe, na wengine marafiki tu. Hao ndio aliowaendea kuomba mnyama alipotakiwa kutoa mahari au alipofikwa na hasara, nao walimwendea yeye zamu yao ilipofika. Kwa hiyo mali ya mtu haikuwa yote zizini mwake. Sehemu ilikuwa katika mazizi ya wenzake. Haikuandikwa katika daftari, na hapana mwizi aliyeweza kuiteka yote kwa usiku mmoja.

Desturi hii ilijaribiwa mara nyingi. Waturkana huita miaka ya taabu kwa majina, na ile ya 1979 hadi 1981 waliiita Lopiar, maana yake kufagia, kwa kuwa ukame, maradhi ya mifugo na uvamizi vilifagia makundi mazima. Tena tangu mwisho wa mwaka wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na mizoga ilionekana kando ya barabara. Katika miaka kama hiyo aliyekuwa na marafiki wengi aliweza kuanza tena kwa mbuzi wawili wa huyu na ngamia mmoja wa yule. Aliyekuwa peke yake hakuwa na pa kuanzia, hata kama jana alikuwa tajiri.

Wengi wa hao waliofagiliwa mali yao walishika njia kwenda mjini. Lodwar umejengwa karibu na mto Turkwel, penye mikoma mingi, nao ndio makao makuu ya Kaunti ya Turkana iliyoanza kazi mwaka wa 2013. Mwenye elimu hupata kazi ofisini. Wengine huuza makaa, husuka vikapu kwa majani ya mkoma, hubeba abiria kwa pikipiki, au hufua nguo za watu. Mjini mtu hana zizi ambalo rafiki yake ataliendea. Hulala katika nyumba ya kupanga, na jirani yake ukutani huenda asijue hata jina lake. Hapo ndipo ngoma ilipopata kazi mpya.

Vikundi vya ngoma vya mjini huitwa kucheza katika sikukuu za taifa, katika arusi, wanapopokewa wageni wa serikali, na katika sherehe kubwa ya utamaduni ya Lodwar iitwayo Tobong'u Lore, yaani rudini nyumbani. Havingoji mvua tena, bali hungoja mwaliko. Hupewa malipo. Lakini kabla ya malipo kiko kitu kingine ambacho duara huwapa watu wake, nacho ni kuonekana. Ofisini mtu akikosa siku mbili, mwenziwe huweza kudhani ya kuwa ametumwa safari. Katika ngoma haiwezekani. Duara lina mahali pa kila mmoja, na mmoja akikosa pengo huonekana, wimbo hupungukiwa na sauti moja, na yule aliyezoea kusimama mkono wake wa kulia hujikuta amesimama karibu na hewa tupu. Basi huuliza, “Yu wapi fulani?” Swali hilo dogo ndilo mwanzo wa msaada wote.

Uchukuliwe mfano wa mwanamke mwenye watoto watatu, auzaye makaa asubuhi na kucheza na wenzake jioni. Jina si lazima, kwa maana walio kama yeye ni wengi. Jumanne hakufika mazoezini. Alhamisi hakufika tena. Wenzake wawili wakaenda kwake, wakamkuta amekaa kizingitini na mtoto mwenye homa mapajani, makaa hayajauzwa, na jikoni hamna kitu. Hakuwa amemwomba mtu, kwa kuwa aliona haya. Mmoja akamchukua mtoto hospitalini, wa pili akabaki kuwapikia wale wawili waliosalia, na jioni makaa yakauzwa na watu watatu waliogawana magunia. Hapana mkutano ulioitishwa wala hotuba iliyotolewa. Pengo lilionekana, likafuatwa. Kama angalikuwa mwanachama wa kikundi kinachokutana kwa barua tu, habari yake ingalijulikana baada ya mwezi.

Lakini huruma peke yake haijazi chungu. Kwa sababu hiyo vikundi vyenye busara huweka kasha. Na ifikiriwe ya kwamba kikundi cha watu 20 kimelipwa shilingi 15,000 kwa kucheza katika sherehe. Wakigawana zote, kila mmoja atapata 750, nazo zitakwisha kabla ya wiki kwisha. Wakiweka 5,000 katika kasha, kila mmoja atapokea 500, na baada ya sherehe nne kasha litakuwa na 20,000. Fedha hizo zaweza kumlipia mgonjwa gari, kununua sanda, au kumpa mjane chakula cha siku za matanga. Tofauti ya shilingi 250 hapana aihisiye sana mfukoni mwake. Shilingi 20,000 siku ya msiba huhisiwa na nyumba nzima.

Jambo hili si geni katika Afrika ya Mashariki. Mwishoni mwa karne ya 19 ngoma ya beni ilianza katika miji ya pwani ya Kenya, ikiiga bendi za askari, na wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 askari na wapagazi waliieneza mbali. Katika Tanganyika palikuwa na pande mbili kubwa, Marini na Arinoti, zilizokuwa na vyeo vyao na matawi yao katika miji mingi. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake juu ya beni kilichotoka mwaka wa 1975, alieleza ya kwamba nyuma ya mavazi na tarumbeta hizo palikuwa na msaada wa kweli. Mgeni aliyeshuka mjini alipokewa na watu wa upande wake, mgonjwa alitazamwa, na maiti alizikwa kwa heshima. Huko Mombasa wanawake wa vyama vya lelemama nao walisaidiana katika arusi na misiba kwa miaka mingi.

Katika habari za vyama hivyo limo onyo pia. Beni na lelemama zilikuwa ngoma za mashindano. Upande mmoja ulipochinja ng'ombe, upande wa pili ulitaka kuchinja wawili. Sare mpya za hawa ziliwalazimisha wale kushona nyingine. Fedha ambazo zingaliwatunza wagonjwa zikaliwa katika karamu moja ili wapinzani waone wivu. Kikundi cha ngoma kina adui wawili wa ndani: mkono wa mweka hazina, na macho ya jirani. Wa kwanza hujulikana na watu wote. Wa pili ni hatari zaidi, kwa sababu humfanya kila mwanachama kuwa mwizi wa kasha lake mwenyewe, naye huiba akicheka.

Wakati beni ilipokuwa ikienea, nchi ya Turkana ilikuwa imefungwa na serikali ya kikoloni, na mtu wa nje hakuingia ila kwa kibali. Ndiyo sababu watu wa huko walikaa na ngoma yao wenyewe, na wageni walipofika, walifika wengi kwa mara moja. Kiasi cha kilomita 120 kutoka Lodwar, katika njia iendayo mpaka wa Sudan Kusini, upo mji wa Kakuma. Mwaka wa 1992 kambi ya wakimbizi ilifunguliwa hapo kwa ajili ya vijana wa kusini ya Sudan, waliokuwa wamekimbilia Ethiopia wakalazimika kutoka huko baada ya serikali ya Mengistu kuanguka mwaka wa 1991. Baadaye walikuja Wasomali, Wahabeshi, Wakongo, Warundi na wengine, na mwaka wa 2016 makao mapya yakaanzishwa karibu, Kalobeyei, yaliyokusudiwa wakimbizi na wenyeji kukaa pamoja. Leo jumla yao hupita laki mbili, katika nchi ambayo wenyeji wake nao hulala na njaa.

Hapo ndipo methali hupata mtihani wake. Mcheza kwao hutunzwa. Na asiye na kwao, je? Katika Kiturkana neno emoit maana yake ni adui, na ndilo hilo hilo wamwitalo mgeni asiye mtu wao. Pamekuwa na ugomvi wa kuni, wa maji na wa malisho, na watu wamekufa kwa ugomvi huo. Mwenyeji huona ya kwamba mgeni analetewa chakula kwa malori. Mgeni huona ya kwamba mwenyeji ana nchi. Kila mmoja humwona mwenziwe kuwa ndiye aliyepewa.

Lakini ngoma ilifanya jambo ambalo mikutano mingi haikuliweza. Wengi wa vijana wale wa kwanza walikuwa Wadinka na Wanuer, nao ni watu wa ng'ombe. Nao huimba sifa za maksai, nao huruka, nao huinua mikono juu ya kichwa kufuatisha pembe. Mturkana amtazamaye Mdinka akicheza haelewi hata neno moja la wimbo wake, lakini mikono huielewa. Hujua ya kwamba mtu huyu naye alikuwa na maksai, na ya kwamba maksai huyo amepotea. Huzuni ya mtu aliyepoteza mifugo haihitaji mkalimani katika nchi iliyoiona Lopiar.

Na ifikiriwe, basi, ya kwamba kijana mmoja wa kambini amekuwa akicheza na kikundi cha wenyeji wa Kakuma muda wa mwaka mzima, akitoa fungu lake katika kasha kama wengine. Ikaja habari ya kuwa mama yake amefariki kambini. Jioni ile wanachama wakakutana. Mmoja akasema, wala hakusema kwa ubaya, ya kwamba kasha ni dogo, ya kwamba watoto wao wenyewe wamelala bila chakula, na ya kwamba wakimbizi wanao wakubwa wa mashirika wa kuwatazama. Tena akauliza, kesho kijana huyu akipelekwa nchi za ng'ambo, au akirudi kwao, ni nani atakayelipa deni lake? Swali hilo si la choyo. Msaada wa Waturkana tangu zamani ulikuwa wa kupokezana, na asiyeweza kurudisha huwavunja wanaotoa.

Mama mmoja, mkubwa kuliko wote, akajibu, “Alipoinua mikono mlimwitikia. Hamkumwuliza siku ile atalala wapi mwakani. Mimi nilipofiwa na mume wangu, yeye alikaa mlangoni kwangu usiku mbili. Deni lake amekwisha kulilipa kabla hajakopa.” Akaongeza ya kwamba wakimnyima leo, kila mtu katika duara atajua ya kuwa kasha lina mlango wa kutokea, na atajiuliza siku yake ikifika kama atapita katika mlango huo. Kasha likafunguliwa. Wakaenda kambini usiku, wakaimba mazikoni nyimbo ambazo wafiwa hawakuzielewa, na wafiwa wakaitikia.

Mfano huo unaonyesha hoja iliyo ndani ya jambo hili. Kikundi kinapomtunza aliye dhaifu katika haki yake, hakimpi yeye peke yake. Kinawapa wote yakini. Mchango wa kila mwezi hununua usingizi. Anayejua ya kwamba atazikwa vizuri na wenzake, na ya kuwa watoto wake watakula matanga yakiisha, hulala usingizi ambao mwenye fedha nyingi asiye na wenzake haupati.

Haja ya yakini hiyo ni kubwa sasa. Mwaka wa 2025 fedha za wafadhili zilipungua, na chakula cha msaada kambini kikapunguzwa sana, hata wakimbizi wakaandamana. Mwaka huo huo serikali ya Kenya ilianzisha mpango uitwao Shirika, unaokusudia kambi zigeuke kuwa miji ya wakimbizi na wenyeji pamoja. Mipango ya serikali huandikwa Nairobi, lakini watu hupatanishwa mahali walipo. Ni rahisi kumwita jirani yule aliyewahi kusimama katika duara, mkono wake wa kulia.

Yafaa basi vikundi vijitengeneze vema. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2022 juu ya vikundi vya jamii inawaruhusu watu wasiopungua 10 kujiandikisha, na kikundi kilichoandikishwa huweza kuwa na hesabu yake benki. Kasha na liwe na kufuli tatu na funguo tatu katika mikono ya watu watatu, wala wasiwe wa nyumba moja. Fedha ziletwazo kwa simu na zitangazwe siku ile ile. Daftari na lisomwe kwa sauti mbele ya wote kila mwezi, kwa kuwa wengi wa wachezaji hawakupata shule, na asiyejua kusoma hulindwa na sikio lake. Karani anayeishi mjini na kujua hesabu asione haya kuwa katibu wa kikundi cha ngoma. Kalamu yake hapo ina thawabu kuliko katika mafaili mengi. Na kanuni juu ya mgeni ziandikwe mapema, kabla msiba haujafika, maana siku ya msiba si siku nzuri ya kutunga sheria.

Mwisho, kikundi kisidanganywe na makofi. Watalii hupiga picha na kuondoka. Wakubwa hupunga mkono na kupanda magari. Sherehe ikiisha na vumbi likitua, watakaobaki ni wale wale walioshikana mikono. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, nao walisema kweli. Lakini watu wa Lodwar na Kakuma huweza kuigeuza methali hiyo wasiiharibu. Mahali mtu atunzwapo, pengo lake likaonekana na kufuatwa, hapo ndipo kwao.